Mashine Mahali pa Mama

3 Februari

Mdogo wangu Sisimizi,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu shemeji yangu, halafu binti yetu, na kama yule paka wenu asiye na adabu bado yupo, naye mfikishie. Huku hatujambo. Shemeji yako mgongo umemwachia, amerudi kwenye cherehani yake na kelele zake, na anasema nikuandikie kwamba suruali uliyomtumia ilishonewa mtu mwingine, mrefu na mwenye kazi ya maana. Ameikata. Na usiniulize tena kwa nini sipigi simu. Kwenye simu wewe na mimi husalimiana mpaka salio linakwisha, na jambo lenyewe linabaki mdomoni.

Jambo lenyewe ni hili. Jumanne asubuhi nilikuwa mezani kwangu pale stesheni, kitambaa nimekipiga pasi, sanduku la watoto limekaa mahali pake, mara wakaja mafundi wawili wenye fulana za Chama chetu cha hisani. Nikafurahi, nikajua wametumwa kunisalimu. Kumbe hawanijui hata kidogo. Walitoa futi wakapima kutoka nguzo ya tatu mpaka ukutani, kisha mmoja akaniomba ninyanyue miguu apime chini ya kiti changu. Nikanyanyua. Nilipouliza wanapima nini, akasema wanaleta mashine ya kuchangia, mtu anajihudumia mwenyewe, haihitaji mtu wa kukaa.

Miaka thelathini na moja nimekaa hapo kuomba michango ili watoto watengenezewe miguu ya bandia, na kabla yangu Mama alikaa kumi na tisa. Wewe uko makao makuu ya Chama, ndani kabisa, kwenye ofisi yenye zulia. Niulizie ni nani ameamua, na kwa nini iwe pale pale kwenye nguzo ya tatu wakati ukumbi mzima una nguzo nane. Kama wananiondoa, niambiwe na mtu anayenijua.

Na kama kuna anayesema watu hawachangii, mwambie aje aone. Wanakuja kama kawaida.

Dada yako

19 Februari

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imenikuta salama na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, ili mume wangu naye acheke habari za suruali. Anasema ataleta futi siku nyingine. Binti yako ameanza chuo, anasomea maabara, na tayari ametukataza kula nusu ya vitu tulivyozoea. Anauliza mama mkubwa anaendeleaje na presha. Mimi sijambo, ila macho, nimepewa miwani na ninafanana na yule mwalimu wetu wa hesabu.

Habari za mashine nimezisikia. Zinaletwa sehemu nyingi, kwenye mahospitali, kwenye maduka makubwa, hata vyuoni. Mambo hayo yana kitengo chake, kina watu wake. Nitauliza. Usijiumize moyo mapema.

Ulipotaja nguzo ya tatu nilikaa kazini nusu saa sifanyi kitu. Unakumbuka Mama alivyokuwa akinificha chini ya meza nisipotee kwenye watu? Wewe ulikuwa mkubwa, ulisimama naye juu kama mtu mwenye cheo, mimi nimekaa chini na kitambaa kimenifunika pande zote. Ndiyo maana mkaniita Sisimizi. Ukumbi mzima niliujua kwa viatu. Viatu vya mkuu wa stesheni vilikuwa vinalia, vya wapagazi havikuwa na kamba, na kulikuwa na mama mmoja wa viatu vyekundu ambaye mpaka leo sijui sura yake. Viatu vikija vikasimama, nasikia Mama anasema maneno yake, vinaondoka. Nilikuwa nalala hapo kwa raha ambayo sijaipata kwenye kitanda chochote.

Dada, umri nao unakwenda. Huku tuna chumba kitupu kinachotazama bustani. Fikiria.

Mdogo wako

7 Machi

Sisimizi,

Salamu zenu zimefika na zimegawanywa sawasawa. Presha yangu mwambie binti yetu ni nzuri kuliko ya mama yake. Shemeji yako amepata kazi ya kushona sare za shule, nyumba nzima imejaa nyuzi za kijani, mpaka kwenye chai tunazikuta.

Chumba kinachotazama bustani kipangishe. Mimi nilikuuliza nani ameamua, wewe ukanijibu kuhusu umri.

Nakumbuka mengi kuliko wewe, maana mimi niliona na sura. Namkumbuka Mama kila mwezi wa kwanza akilipaka sanduku rangi ya bluu, sisi tumekatazwa kuligusa siku mbili, na wewe kila mwaka unagusa. Namkumbuka mtangazaji wa treni aliyekuwa akikohoa kwenye kipaza sauti kabla hajasema chochote, na ukumbi mzima unasimama kusikiliza kikohozi chake. Mama aliwajua abiria kwa saa. Akiona kinyozi anapita, anasema ni saa mbili kasorobo, na kweli. Yule kinyozi alikuwa mwanafunzi wa kazi wakati huo, leo ana kibanda chake nyuma ya soko, nywele zake mwenyewe zimekwisha.

Siku hizi simwoni sana. Nadhani kazi zimekuwa nyingi. Mkuu wa stesheni naye amefungua lile geti la mizigo la nyuma, ambako kuna tope, na baadhi ya watu wanapita huko, wanasema ni karibu.

Nimemwambia mkuu wa stesheni kwamba siondoki mpaka mtu wa makao makuu aje anieleze uso kwa uso. Amesema atawaandikia. Ni mtu mzuri, ila anapenda kila mtu aridhike, na hilo haliwezekani.

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Sote wazima. Tulikuwa na mikutano juu ya mikutano, na mume wangu alishikwa na mafua yale ya kumfanya mwanaume atake kuandika wosia.

Nimeuliza. Mashine itakuja mwezi huu. Chama kinakuthamini sana, na kuna mpango wa kukupa cheti cha shukrani na kiti kipya, uwe unakaa pembeni kuwasaidia watakaoshindwa kuitumia. Mtu wa makao makuu kuja huko kwa sasa haiwezekani, kila mmoja ana safari zake. Mimi mwenyewe ningependa, lakini kazi imenibana.

Tafadhali usigombane na mafundi, hawajui lolote.

Mdogo wako

26 Aprili

Mashine imekuja.

Urefu wake ni wa kabati la vyombo, uso wote ni kioo. Ndani ya kioo kuna picha ya mtoto amesimama kwa miguu ya bandia, anacheka, na mtu akigusa anaulizwa atoe kiasi gani, halafu anaweka kadi au simu, inalia tiki, basi. Meza yangu wameisogeza kwenye nguzo ya nne. Sikugombana na mtu. Mwuza magazeti alikuwa wa kwanza kujaribu, akafuatiwa na wasichana wa dirisha la tiketi, kisha na abiria. Wanagusa, sitakuficha.

Mkuu wa stesheni naye akachanga, kisha akavaa miwani akasoma kwa sauti yale yanayoandikwa mwisho, kwa herufi kubwa: "Asante. Mguu wako uwe mwepesi."

Maneno hayo hayako kwenye kitabu chochote. Yalikuwa ya Mama. Ndani ya Chama wanaoyajua tumebaki wawili, na mimi sikumwambia mtu wa kitengo chochote.

Kwa hiyo nimeshajua ni nani ameamua.

Dada yako

10 Mei

Dada yangu,

Barua yako haikuwa na salamu. Niliigeuza nyuma nikizitafuta. Tangu nijue kusoma hujawahi kuniandikia bila kunisalimu, hata ule mwaka tulipogombania radio ya Baba. Mimi nakusalimu hata hivyo, na shemeji yangu namsalimu, na mgongo wake.

Ndiyo, ni mimi.

Mwaka jana waliniletea orodha ya sehemu ambazo Chama kinafunga ukusanyaji kabisa. Stesheni yetu ilikuwa ya pili kutoka juu. Sanduku lako lilikuwa linafika huku jepesi tangu mwaka juzi, Dada. Nililijua hilo na nikanyamaza, kwa sababu katika kila barua uliandika kwamba watu wanakuja kama kawaida, na mimi ningekuambiaje kwamba nimeona. Nikalifuta jina la stesheni kwenye ile orodha nikaliandika kwenye orodha ya mashine. Waliponiuliza iwekwe wapi ndani ya ukumbi, kalamu iliandika nguzo ya tatu kabla sijafikiri. Sikuweza kuvumilia kitu chochote cha Chama kikae mahali pengine humo ndani.

Halafu wakaniambia niandike maneno ya shukrani. Nilikaa mchana mzima. Niliandika "Chama kinakushukuru", nikafuta. Niliandika "Mchango wako umepokelewa", nikaona hata Mama kaburini atanicheka. Yakaja maneno yake, nikayaandika, nikalia hapo ofisini, mhasibu akaniletea maji. Nilitaka yabaki ukumbini hata siku ambayo wewe hutakuwepo.

Utaniuliza kwa nini sikukwambia. Kwa sababu ulitaka mtu wa makao makuu aje akueleze uso kwa uso, na mtu huyo ni mimi, na mimi kuja huko siwezi. Mama aliugua miezi mitano. Nilikuwa napandishwa cheo. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Nilipofika alikuwa ameshazikwa siku tatu, nikakukuta uani umeshafua mashuka yake yote na kuyaanika. Ukanitazama. Ukanipa upande wa pili wa shuka nikusaidie kukunja. Kesho yake niliondoka, na sasa ni miaka saba, hata naona ni afadhali mashine ije ikwambie kuliko mimi.

Mdogo wako

5 Juni

Dada,

Sijapata barua. Hatujambo. Binti amefaulu mtihani wa kwanza.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika, nami nitaisoma.

Sisimizi

24 Juni

Mdogo wangu Sisimizi,

Nakusalimu. Nawasalimu wote, mmoja mmoja, na binti yetu nampa hongera mbili, moja ya mtihani na moja ya kuwavumilia. Shemeji yako anakusalimu kutoka kwenye nyuzi zake. Sare zimekwisha, sasa amepata mapazia ya hoteli, ananiambia tumepanda daraja.

Nilikasirika. Nilikasirika wiki tatu nzima, na ya nne nikawa naendelea kwa mazoea tu. Kisha ilinichukua muda kuandika, kwa sababu kuna mambo mawili ya kukwambia na moja linanihusu mimi.

La kwanza, ulikosea. Ulikuwa chini ya meza, uliona viatu, hukuona mikono. Mtu aliyetumbukiza kitu sandukuni Mama alimwambia asante tu, asante kavu, anaendelea na mwingine. Huyo hakusimama hata, alitoa huku anatembea, ndiyo maana huwakumbuki hao. Viatu vilivyosimama vilikuwa vya mtu asiyekuwa na kitu. Anafika, anapapasa mfuko, anautoa mkono mtupu, anaanza kujieleza kwamba mwisho wa mwezi, kwamba mtoto anaumwa. Mama hakumwacha amalize. Alimwambia, "Mguu wako uwe mwepesi," na mtu anakwenda zake kichwa juu, na kesho anapita hapo hapo bila kuona haya. Hayo yalikuwa maneno ya mikono mitupu, Sisimizi. Wewe umewapa wenye kadi.

Nilicheka nilipoelewa ulivyokosea. Nilikuona kabisa, umejikunja pale chini na kidole kina rangi ya bluu, unasikiliza. Miaka yote hiyo ulikuwa unadhani Mama anashukuru.

La pili ni gumu. Nilikuandikia kwamba watu wanakuja kama kawaida, na ulikuwa uongo. Siku hizi nusu ya watu hawabebi hela mfukoni, kila kitu kipo kwenye simu. Mwanzoni walisimama wakapapasa, wakaniomba radhi. Na mimi, badala ya kuwaambia maneno ya Mama, nikawa nawatazama. Sikusema kitu kibaya, niliwatazama tu. Nilikuwa naliogopea sanduku, maana kila jioni nilipolinyanyua nilijua litafika kwako jepesi. Sijui ni siku gani niliyaacha yale maneno. Najua tu kwamba watu walianza kupita geti la mizigo, wakakubali kukanyaga tope kuliko kutazamwa na mimi. Kinyozi alikuwa mmoja wao. Hakuwa na kazi nyingi. Alikuwa ananikimbia.

Mashine yako imewarudisha wengi, sina budi kusema. Wanapita tena mlango mkubwa, wanagusa, wananisalimu kwa furaha ya mtu aliyemaliza deni. Lakini kinyozi hakurudi, na kuna wengine kama kumi ninaowajua kwa sura ambao hawakurudi. Nilikaa pale nguzo ya nne, karibu na mashine isiyonihitaji, nikawa nawafikiria hao.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilikunja kitambaa, nikabeba kiti, nikaenda kukaa geti la mizigo. Sanduku nililiacha. Mkuu wa stesheni akaja mbio na viatu vyake, maana hata vya huyu wa sasa vinalia, akaniuliza huku nyuma nakusanya nini. Nikamwambia sikusanyi. Akauliza basi nafanya nini, nikamwambia nimekaa. Akaona ni afadhali aridhike.

Saa mbili kasorobo kinyozi akatokea kwenye kona. Akaniona, akasita, akatazama nyuma, na nyuma kuna reli tu. Ikabidi aje. Aliponifikia mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni na mdomo umeshafunguka. Nikamwahi. Nikamwambia mguu wako uwe mwepesi. Alisimama hapo kwenye tope, mtu mzima wa miaka sitini, akanitazama, akasema, "Haya niliyasikia mara ya mwisho kwa mama yako." Kibanda alikifunga tangu mwaka juzi, sikuwa na habari. Sasa anazunguka na mkasi kwenye begi, ananyoa watu majumbani. Tuliongea mpaka treni yake ikaondoka bila yeye, akapanda ya pili.

Sasa nakaa huko kila siku. Cheti wakikileta, nitampa shemeji yako akifungie vitambaa.

Kuhusu mashine, nina ombi la kikazi. Nimeiangalia vizuri. Mtu akianza kugusa kisha akakosa, salio halitoshi au kadi imekataa, inamwandikia kwa herufi nyekundu kwamba muamala umeshindikana, watu wa nyuma yake wote wanasoma. Nimemwona mama mmoja akiondoka hapo amejifunika uso na mtandio. Hayo mekundu yaondoe, uweke hapo maneno ya Mama. Aliyetoa mwambie asante, inamtosha.

Na sasa wewe. Siku ile uani nilikutazama, ni kweli, sitakudanganya kwamba nilikuwa naangalia shuka. Nilikutazama kama nilivyomtazama kinyozi, na wewe ukaniondokea kama yeye. Miaka saba umepita geti la nyuma, unatuma barua, unatuma dawa, unatuma suruali, kila kitu isipokuwa uso wako, na kila kifurushi kilipofika nilijua ni mkono unaopapasa mfuko. Ningeweza kukwambia zamani. Nilinyamaza, na kosa hilo ni langu, naomba unisamehe.

Njoo, mdogo wangu. Usilete kitu, wala usijieleze. Njoo mikono mitupu.

Dada yako